Wale wa Mgongo

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, tena haikupiga hodi. Kufika saa tatu asubuhi chumba cha kungojea kilikuwa bwawa, nami nimepanda juu ya kiti kuokoa kitabu changu kikubwa. Mimi ndiye karani wa masijala wa kituo hiki cha afya, mwaka wa kumi na tisa huu. Kila anayekuja kutibiwa hupitia kwangu kwanza: jina, umri, mtaa, anaumwa nini.

Daftari hili dogo ni langu mwenyewe. Nimelianza kwa sababu tumeletewa mkuu mpya wa kituo, kijana wa juzijuzi mwenye viatu vinavyong'aa, na nimeona heri niseme na karatasi kuliko nimjibu nikose kazi. Ameniita "Mama" mara nne kabla ya chai. Mimi! Nina miaka arobaini na saba tu.

Leo ilikuwa siku ya Mwashi kuchomwa sindano yake ya mwezi. Aliingia amelowa chapachapa, akaupiga kofi ukuta wa masijala alioujenga kwa mikono yake. "Bado umesimama, Bi Karani. Mimi na huu ukuta, nani atatangulia kuanguka?" Nikamwambia atangulie yeye, ukuta ni mali ya umma. Tukacheka. Kisha nikamwandika kama ninavyomwandika kila mwezi: maumivu ya mgongo.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Mafua thelathini na mbili, kuhara tisa. Mkuu ameuliza kwa nini kikombe changu kinakaa juu ya mafaili.

Jumatatu, 11 Machi

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niseme kweli. Mwashi hana mgongo mbovu hata kidogo. Hubeba mfuko wa saruji akapanda nao ngazi huku anapiga mluzi. Mwashi anaumwa akili. Asipochomwa sindano husikia watu wasiokuwepo wakimpa kazi. Wako kumi na moja wanaochomwa sindano hiyo hapa kwetu, na mmojawao ni mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nawaandika sawasawa. Lakini kitabu hukaa wazi juu ya meza ya mapokezi, maana kukifunga na kukifungua kwa kila mtu ni usumbufu, na wanaongoja huegemea meza hiyo. Siku moja mwanamke mmoja mwenye macho marefu akasoma jina la Fundi na neno lililofuata. Jioni yake habari ilikuwa imefika sokoni. Wiki haikuisha, wateja kumi na saba wakachukua vitambaa vyao ambavyo havijaguswa na mkasi. Mmoja akamwambia usoni hawezi kuacha nguo za watoto kwa mtu asiye na akili.

 Fundi aliikunja mita yake ya kupimia akaiweka mfukoni. Mimi ndiye niliyelia. Siku ile tukakubaliana na Sista, muuguzi wetu: yeye atachoma, mimi nitaandika mgongo. Kila mwisho wa mwezi nahesabu vijiti, kimoja kwa kila mgonjwa, najaza fomu ya makao makuu, na penye magonjwa ya akili naweka sifuri. Naifanya iwe nzuri, ya duara kamili. Kati yetu tunawaita wale wa mgongo, na hakuna aliyewahi kuwanyooshea kidole.

Jumanne, 19 Machi

Lori la dawa limefika hatimaye, tope mpaka madirishani. Mkuu alikuwa na furaha ya mtoto. Akatueleza huu ndio utaratibu mpya: sisi hatuombi tena dawa, makao makuu wanasoma fomu zetu na kuleta kulingana na magonjwa tuliyonayo. "Takwimu, Mama. Hakuna tena kubahatisha."

Tukafungua katoni ya kwanza. Dawa ya kuchua. Ya pili, dawa ya kuchua. Katoni kumi na nne za dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu! Sista aliinama akapekua mpaka chini ya boksi la mwisho. Sindano ya wale wetu hakuna hata moja.

Akainua macho akanitazama. "Migongo yetu imejibiwa," akasema taratibu. Mkuu akadhani ni mzaha, akacheka. 

Kabatini zimebaki chupa tatu. Kuna wagonjwa watatu ambao siku zao zinafika kabla ya ile ya Fundi.

Jumatano, 20 Machi

Mkuu amepiga simu makao makuu mbele yetu, akaiweka sauti ya juu. Mama mmoja huko akajibu kwa upole kabisa: "Kituo chenu hakina wagonjwa wa akili, Daktari. Miaka mitatu mfululizo ni sifuri. Tuwaletee dawa za nani?"

Mkuu akanigeukia. "Mama, hii sifuri ni ya kweli?"

Nikasema, "Fomu ndiyo hiyo, Daktari." Kisha nikaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwangu.

Sista alinifuata stoo. "Tutanyamaza mpaka lini, dada?" Nikamwambia mpaka nipate njia ya kulisema. Nilipofika nyumbani nikajidanganya kwamba nalinda jina la Fundi. Uongo mtupu. Nilikuwa nalinda kazi yangu.

Jumatatu, 25 Machi

Fundi amekuja na shati safi, kama anavyovaa kila siku ya sindano. Sista akamwambia hakuna. Akacheka: "Basi nimepona kwa amri ya serikali." Lakini alipopita mezani kwangu aliinama akanong'ona, "Zitakuja lini, Dada?"

"Wiki ijayo."

Mkewe alimngoja nje chini ya mwavuli. Hakuja kunisalimu. Miaka sita sasa huyu wifi yangu hajawahi kunichekea vizuri, na mimi sijawahi kujisumbua kumchekesha.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua.

Jumatatu, 1 Aprili

Mwashi alikuja kwa siku yake, akarudi mikono mitupu. Aliupiga kofi ukuta lakini hakusema kitu.

Jumanne, 2 Aprili

Daraja limekwenda na maji. Hakuna gari linaloingia wala kutoka.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimepitia kwa Fundi. Shule zinafunguliwa tarehe ishirini na mbili, na kibanda chake kimejaa sare mpaka mlangoni. Alikuwa anashona shati la mtoto wa darasa la kwanza. Lina mifuko minne.

"Shati moja mifuko minne, mdogo wangu?"

"Mtoto ana vitu vingi, Dada." Hakuinua kichwa. Mguu wake ulikuwa unakimbiza cherehani utadhani anafukuzwa.

Nikacheka. Wifi hakucheka. Alinivuta nyuma ya kibanda akafungua mfuko: mashati ishirini na zaidi, yote mifuko minne. "Nafumua kila asubuhi kabla wenyewe hawajaja," akasema. "Nikifumua anashona tena. Halali, wifi. Siku ya tano hii." Akanionyesha vidole vyake, vimechomwachomwa na sindano mpaka vimevimba.

Jamani, miaka sita nimemwita huyu mwanamke mwenye maringo, kumbe amechoka.

Jumanne, 9 Aprili

Mama yake Mwashi amekuja kituoni kwa miguu kwenye mvua. Mwanawe ametoka tangu jana mchana na timazi yake ya kunyooshea kuta na mwiko, akaaga vizuri, akasema ameitwa kulijenga daraja. Nani amemwita? "Wamemwita tu," akasema mama. Vijana wamekwenda kutafuta kando ya mto.

Nilimpa kiti. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Ijumaa, 12 Aprili

Wamempata, mbali kule chini. Timazi ilikuwa bado mfukoni.

Nimerudi kitabuni. Ukurasa wa tarehe nne Machi, mwandiko wangu mwenyewe, mzuri: maumivu ya mgongo. Nimeutazama ukuta wake mpaka Sista akaja kunizimia taa.

Jumamosi, 13 Aprili

Baada ya mazishi nimekwenda nyumbani kwa Mkuu. Nilimkuta barazani anasugua tope la makaburini kwenye vile viatu. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: meza, kitabu, yule mwanamke, vijiti, sifuri. Nikamwambia na la simu, kwamba aliniuliza nikamdanganya.

Aliendelea kusugua kiatu kimoja kwa muda mrefu sana.

"Umewaficha vizuri, Mama," akasema. "Hata sisi wa kuwatibu hatukuwaona."

Afadhali angefoka. Nimefokewa na wakuu watano kabla yake na nimewazika wote moyoni bila matanga, lakini hili limeniingia.

Kisha akasema, "Wamebaki kumi. Nipe majina. Kuna kivuko cha miguu kule juu, kesho alfajiri natoka, nitatembea mpaka hospitali kubwa niwaombe huko."

Nikamwambia majina si yangu kuyatoa kabla sijawauliza wenyewe. Nilidhani sasa ndiyo atafoka. Akafikiri. "Sawa. Nipe vipimo vya sindano ya kila mmoja. Majina yabaki kwako, lakini uwaulize."

Jumatatu, 15 Aprili

Lazima niandike leo leo, kesho nitaanza kutia chumvi.

Saa saba mchana Wifi ameingia masijala mbiombio, nguo zimemgandama mwilini. Kwa mara ya kwanza ameniita kwa kilio: "Wifi, njoo! Wanaleta kamba!"

Niliacha kila kitu. Kibanda cha Fundi kilikuwa kimefungwa kwa ndani tangu asubuhi, pamoja na sare za familia arobaini. Nje walikuwa watu thelathini hivi kwenye mvua, kina mama wengi, na wote walikuwa wanasikia kile nilichokisikia mimi: mkasi. Krach, krach, krach, bila kupumzika. Mbele yao alisimama muuza kuni na kamba yake ya kufungia mizigo.

"Chizi anakata nguo za watoto wetu!" mmoja akapiga kelele. "Tumfunge kabla hajamchoma mtu!"

Wifi akapita katikati yao akaweka mgongo wake mlangoni.  Ni mwembamba yule, ungempuliza angeanguka, lakini hakuna aliyethubutu kumsogeza.

Nikasimama karibu naye. Muuza kuni akanitazama akatabasamu vibaya. "Bi Karani, wewe si ndiye umemwandika kitabuni anaumwa mgongo? Nimesoma kwa macho yangu. Huo ndio mgongo?"

Wote wakanyamaza wanisikie.  Nikapiga moyo konde.

"Niliandika uongo," nikasema. "Anaumwa akili. Mwaka wa sita huu. Kila mwezi anachomwa sindano, na akichomwa anawashonea watoto wenu nguo, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kurudisha shati kwa kushonwa vibaya. Sindano zimekosekana kwa sababu ya uongo wangu. Mwashi tumemzika juzi kwa sababu hiyo hiyo. Mnataka kufunga mtu? Nifungeni mimi, niko hapa."

Mkasi ndani ukanyamaza.

 Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo, kama anajisemea, "Suruali ya baba yangu aliishona mwezi uliopita. Imemkaa." Muuza kuni alibaki na kamba yake, hajui aiweke wapi.

Nikabisha mlango. "Fundi. Ni dada yako."

Kimya.

"Nimekuja kupimwa."

Sauti kavu ikatoka ndani: "Kupimwa nini?"

"Gauni."

"Umenenepa, Dada."

"Ndiyo maana nataka kupimwa upya. Ungekuwa muungwana usingelisema mbele za watu."

Wifi, mgongo bado mlangoni, akacheka huku analia. Kitasa kikalia. Tukaingia sisi wawili tu.

Sakafu yote ilikuwa vipande vya kitambaa vya mraba, mamia. Alikuwa amekata mapazia yake mwenyewe na shuka zake. Sare za watu ziko kwenye rafu zimekunjwa, hakuna iliyoguswa! Macho yake mekundu, midomo imepasuka. Akachukua mita akaanza kunipima bega, mikono inacheza. Aliponipima kiuno akaninong'oneza: "Wanasema maji yanakuja shuleni, Dada. Kila mtoto anahitaji mifuko minne ya hewa ili aelee. Vitambaa havitoshi. Nimehesabu, havitoshi."

Ndugu yangu alikuwa anakesha kuokoa watoto wa watu hawa wenye kamba.

"Tutatafuta vitambaa vingine," nikamwambia. "Lakini kwanza twende kwa Sista." Wifi akanyoosha mkono, akamwomba mkasi akate uzi uliomning'inia kwenye nguo. Akampa. Akakata uzi, akaubana mkasi kwapani, na tukatoka hivyo hivyo, Fundi katikati, mita shingoni. Watu wakatupisha. Tulipofika kituoni Sista alikuwa na vidonge vichache vya kumtuliza, vya siku mbili tu. Amelala sasa. Wifi ameketi chini karibu naye, nimemletea chai, na tumenywa kikombe kimoja kwa zamu.

Jumanne, 16 Aprili

Fundi ameamka mchana, mzito lakini ni yeye. Alinitazama kitambo.

"Nilikusikia jana ukiwa nje. Kumbe miaka yote nimekuwa naumwa mgongo?"

Nikamweleza. Habari ya mwanamke wa macho marefu, ya meza, ya kitabu kukaa wazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso kama anavyofanya akiona nguo iliyokatwa vibaya na fundi mwingine.

"Kwani kile kitabu hakifungiki, Dada?"

Nimekaa na swali hilo mpaka usiku. Miaka mitatu, na sikuwahi kujiuliza.

Jumatano, 17 Aprili

Vidonge vya Fundi viliisha asubuhi. Saa tisa Mkuu ametokea, pekupeku, viatu vimening'inia shingoni, boksi amelifunga kwenye nailoni na kulikumbatia. Chupa kumi na mbili. Magoti yote yamechubuka. Hakuniita Mama. Alisema, "Bi Karani, tunaanza na nani?"

Nikasema tuanze na yule aliye kitandani, kisha nikaingia chooni nikalia vizuri.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku tatu nazunguka milango na Sista na boksi lake. Wote wamechomwa. Kila mmoja nimemwomba radhi, kisha nimemwomba ruhusa ya kumwandika kwa ugonjwa wake. Wengine wamenipa hapo hapo. Mwalimu mstaafu amekataa.

"Nusu ya mtaa huu nimewafundisha kusoma mimi," akasema. "Ndio watakaolisoma jina langu."  Nikamwambia nitarudi nitakapokuwa na jibu.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua inapungua. Fundi yuko kwenye cherehani, mishono imenyooka. Wateja wanne wamechukua vitambaa vyao. Wengine wamebaki. Muuza kuni ameleta suruali ya kutiwa kiraka, akaiweka mezani akaondoka bila salamu. Wifi anasema hiyo ndiyo salamu yake.

Barua ya onyo imenifikia kutoka makao makuu. Nimeisaini. Ni haki yangu.

Alhamisi, 23 Mei

Fundi ameniletea kitu kimefungwa kwenye gazeti. Ni mfuniko wa kitabu, wa turubai ya kijani, umeshonwa mara mbili pembeni. Una ulimi wa kitambaa unaofunika ukurasa wote, unaacha wazi mstari mmoja tu, ule ninaouandika. Mwishoni kuna kamba ya kufungia. "Nimekupima kwa macho," akasema, "wewe na kitabu chako."

Nimekwenda nao moja kwa moja kwa Mwalimu. Aliushika, akaufunga na kuufungua mara tatu, akajaribu kuchungulia pembeni kama mwanafunzi mwizi. Hakuona kitu. "Haya," akasema. "Niandike. Na uandike bila makosa."

Ijumaa, 31 Mei

Jua limetoka. Makao makuu wametaka fomu ya Machi ijazwe upya ili mgao ujao uje sawa. Tulikaa watatu, Mkuu, Sista na mimi, nikaufungua mfuniko, nikahesabu vijiti taratibu, nikafika penye magonjwa ya akili.

"Kumi," akasema Sista.

"Hii ni fomu ya Machi," nikamwambia. "Machi alikuja. Alisimama hapo akaupiga ukuta kofi."

Mkuu akanisogezea kalamu. Nikaandika kumi na moja.